Wanyama wa Zuhura

Mwaka ule tulikula magimbi. Asubuhi magimbi ya kuchemsha, mchana magimbi ya kuchoma, jioni magimbi yaliyopondwa na kutiwa mlenda ili yajifanye ugali. Mahindi yalikuwa yameozea shambani kwa mvua iliyokataa kukatika, na wanaume wengi wa kwetu milimani walikuwa wamechukuliwa kwenda kubeba mataruma ya reli, ambayo ilikuwa imekwisha kutupita Morogoro na kuelekea bara. Gimbi lisipoiva sawasawa huwasha koo, na kuni za mwaka ule zilikuwa mbichi, basi ungeingia nyumba yoyote ungekuta watu wazima wanakohoa na kujikuna shingo kama waliopakwa upupu. Ukiniuliza ilikuwa mwaka gani wa Mjerumani, tarakimu sina. Nitakwambia mwaka wa magimbi. Wenzangu walikuwa wakielewa mara moja, na sasa wa kuelewa wamekwisha. Wa mwisho alikuwa Mwanaidi, na Mwanaidi tumemzika Ijumaa iliyopita.

Siku ya tatu, kwenye hitima, nilikuwa nimekaa mkekani na sahani yangu ya wali mapajani. Nikamsikia mwanamke mmoja wa makamo, wala sijui ni wa nani, akiwaambia wenzake, "Huyu bibi na marehemu ndio waliomwona yule mnyama wa mlima Lupanga, zamani za Mjerumani. Huyu hasa. Alikuwa naye kama mtu na mbuzi wake." Nikamwambia, "Mwanangu, masikio yangu bado mazima." Akasema, "Shikamoo bibi," akainamia sahani yake. Lakini wenzake walikuwa wamekwisha kusogea. Huyu anauliza kama alikuwa na pembe, yule anauliza kama alikula watu. Nikawaambia msibani panakaliwa kwa adabu, nikala wali wangu. Tangu siku ile situlii. Nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, naanza kuchambua maharage nayaacha njiani. Mwanaidi alikuwa shahidi wangu, sasa shahidi yuko chini na uongo umebaki juu unatembea. Ndiyo maana naandika. Herufi nimezipata uzeeni, kwenye kisomo cha watu wazima. Zangu ni kubwa kama kuku lakini zinasomeka, na mwalimu alisema katika darasa lile hakuna aliyenishinda, wala sioni haya kulirudia neno hilo. Ya baba na mama siandiki. Walikuwepo, kama wa kila mtu.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka ndani. Kwetu msichana akivunja ungo aliwekwa chumbani, akawa mwali, na chumba cha mwali hakina dirisha. Nilikaa humo tangu watu wanapanda mpaka wakapanda tena. Macho hayakuwa na kazi, basi masikio yakafanya kazi mbili. Nilimjua kila aliyepita nje kwa mguu wake: mjomba alikuwa akiburuta wa kushoto, Mwanaidi alikuwa akikanyaga kwa kisigino kama anayeua siafu. Mvua niliijua kabla haijafika. Uongo niliujua pia, maana mtu akidanganya huvuta pumzi kwanza, na ukiwa huuoni uso wake unaisikia ile pumzi waziwazi. Siku ya kutoka watu walipiga ngoma na kunisifu jinsi nilivyong'aa, na mimi jua liliniumiza macho mpaka nikatokwa na machozi, wakafikiri ni furaha. Baada ya hapo sikuweza kukaa. Nikipewa kazi ya kukaa nasimama, nikipewa ya kusimama nakwenda mtoni. Mjomba wangu, ambaye alikuwa jumbe wa vijiji vyetu na ndiye mwenye kauli juu yangu, alichoka kuniona nikizunguka nyumba. Akasema, "Huyu mtoto atachimba mtaro." Akatupeleka mimi na Mwanaidi, ambaye alitoka ndani mwezi mmoja nami, tukafanye kazi kwa Bwana Konokono mpaka mposaji wangu awe tayari.

Jina lake la kwao lilikuwa refu na sikulishika. Watu walimwita Bwana Konokono kwa sababu alikuja kutafuta konokono. Mwanzoni hakuna aliyeamini. Wazungu wengine walitafuta ardhi, walitafuta watu wa kubeba, huyu alikuwa akipiga magoti kwenye majani mabichi na kibano mkononi, na ndevu zake za rangi ya nywele za mahindi zinaburuza kwenye tope. Wazee wakakaa wakasema afadhali huyu, konokono na waishe. Nyumba yake ilikuwa kwenye mteremko juu ya mji, karibu na mto, ya udongo na paa la nyasi, vyumba vitatu. Cha kulala kilinuka dawa ya homa. Cha katikati kilijaa chupa, na ndani ya chupa kinyonga, jongoo, vyura, kaa wa mtoni, wote weupe na macho wazi, wamelowekwa kwenye spiriti, na harufu ile ilikuwa ikinipanda puani mpaka kwenye paji la uso. Cha mbele kilikuwa na meza chini ya dirisha, na ukikaa pale unauona mji wote chini, stesheni, na milima ya Mindu upande jua linakozama. Kazi yetu sisi ilikuwa kuchemsha konokono na kuwavuta nyama kwa pini iliyopindwa, kisha kuosha ganda. Mwanaidi alikuwa akinawa mpaka kwenye kiwiko. "Nikiolewa," alisema, "huyo mume atajua nilikuwa nafua nguo. Ukimwambia vingine, Zuhura, mimi na wewe basi."

Jiko lilikuwa nje, na jiko lilikuwa la Feruzi. Feruzi alikuwa mtu mzima wa Bagamoyo, mpishi na mkalimani, mwenye kanzu safi kuliko roho yake. Kijerumani alikipata kwa kupikia Wajerumani. Sisi alituita watu wa milimani kama vile mtu anavyosema watu wa porini. Bwana alikula supu ya kuku, mkate, na samaki wa kopo waliolala kama ndugu kitanda kimoja. Sisi tulikula magimbi yetu kwa mchuzi uliobaki, na Feruzi akatusimanga kwa kila kijiko. Siku moja Bwana alikuja akachukua gimbi kwenye chungu chetu kabla halijaiva. Alitafuna, akasimama, akashika koo, akawa mwekundu mpaka masikioni. Mwanaidi alikimbilia nyuma ya jiko kucheka. Mimi nilimletea maji, na yule mtu, na machozi yakimtoka, akasema neno la Kiswahili alilolijua vizuri kuliko mengine yote. "Kwa nini?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo na mtu mzima. Nikasema linawasha kwa sababu halijaiva. "Kwa nini linawasha?" Nikafikiri. Nikasema labda halitaki kuliwa. Gimbi halina meno, halina miguu ya kukimbilia, basi linawasha. Alimtazama Feruzi atafsiri, na ilipotafsiriwa akaketi chini pale pale kwenye majivu ya jiko, akanitazama kama mtu aliyeokota ganda ambalo hajawahi kuliona.

Siku chache baadaye, jua limezama lakini bado kuna weupe juu ya Mindu, aliniita uwanjani. Alikuwa na darubini yenye miguu mitatu. Juu ya mlima ilikuwako nyota moja tu, kubwa. Akaninyooshea kidole mimi, halafu nyota, akacheka. Nikamuuliza Feruzi bwana ana nini.

"Anasema ile ni wewe," Feruzi alisema. "Hujui kwamba Zuhura ni jina la nyota? Watu wa milimani mnabebeshwa majina kama mizigo, wala hamfungui kuona kilichomo."

Nikaweka jicho. Ile nyota haikuwa nyota. Ilikuwa kijimwezi, chembamba, kimepinda kama ukucha. Niliondoa jicho nikatazama kwa macho matupu, nyota. Nikarudisha, mwezi. Nilifanya hivyo mpaka Feruzi akaniambia nitaimaliza. Bwana akaeleza, Feruzi akatafsiri huku akipiga miayo, kwamba ule ni ulimwengu kama huu, una ardhi yake, na wenye elimu wa kwao wanadhani umefunikwa mawingu pande zote, mwaka mzima, haujawahi kuona jua likiwa tupu. Halafu akauliza, na swali lile nalikumbuka kuliko siku niliyoolewa: "Kama huko yuko mnyama, atakuwaje?"

Nikasema simba mwenye mabawa. "Mabawa kwa nini?" Ili aruke. "Aende wapi?" Sikuwa na pa kumpeleka. Bwana akasema maneno mengi na Feruzi akayafupisha: "Anasema ukichanganya mchuzi na chai umeharibu vyote viwili na hujapika kitu. Anataka umtoe mnyama kwenye mahali pake. Mahali kwanza, mnyama baadaye."

Nilikwenda nyumbani nikilisema neno hilo njia nzima. Mahali kwanza. Ulimwengu wa mawingu tu: nani hapa Morogoro aujuaye kuliko mimi? Kwetu juu kuna miezi ukungu hauondoki, ukinyoosha mkono huoni kucha. Na mimi nilikuwa nimekaa gizani tangu kupanda mpaka kupanda. Kesho yake nilichota udongo wa kufinyangia vyungu pale mtoni, nikamfinyanga. Alikuwa mkubwa kama mbwa mdogo, mnene, hana macho. Juu ya kichwa nilimpa masikio mawili mapana kama majani ya mgomba, yaliyochanikachanika hivyo hivyo, na chini miguu mitano. Nikamweka kwenye meza ya Bwana katikati ya maganda ya konokono.

Mwanaidi alikuja akamzunguka. "Huu wa tano, huku nyuma," alisema, "huu si mguu. Hii ni aibu ya mtu."

"Ni mguu."

"Basi mfunge kitambaa."

Bwana hakucheka. Aliketi, akachukua kalamu. "Macho hapana. Kwa nini?" Nikasema macho yangemsaidia nini kwenye ukungu, ila mgongoni ana ngozi laini ya kujua sasa ni mchana na sasa ni usiku. "Miguu mitano?" Nikasema kwetu mzee akipanda mlima anakuwa na miguu mitatu, basi anayekaa kwenye utelezi siku zote apewe wa tano wa kujiegemeza. "Masikio makubwa ya kusikia?" Nikasema ya kusikia, na ya kunywa pia. Asubuhi ya ukungu tazama utando wa buibui, umejaa maji ambayo hakuna aliyeyachota. Yale masikio yananasa ukungu, maji yanatiririka kwenye mifereji mpaka mdomoni. Nilimwita Mnywaukungu. Bwana aliandika kurasa mbili, akachora, na alipomaliza alinyanyua kichwa akauliza, "Nani anamla?"

Sikutaka aliwe. Nilisema hakuna. Tulibishana siku nzima, mimi na Mzungu, Feruzi katikati anahamaki kwa sababu supu inaungua. Bwana akasema asiyeliwa hana haja ya kukimbia, na asiyekimbia hana haja ya miguu, nimng'oe yote mitano nimwache kama konokono. Hapo aliniweza. Nikafinyanga wa pili, bapa kama jani lililolowa, analala chini miaka akisikiliza. Mnywaukungu akisimama mahali pamoja masikio yanajaa, maji yanadondoka, to, to, to, na huyo, niliyemwita Mlalaji, anahesabu matone na kusogea. Kwa hiyo Mnywaukungu hawezi kusimama. Anakunywa akitembea, analala akitembea, anazaa akitembea. Nilipomaliza kulieleza hilo nikaona Mwanaidi ananitazama kwa namna nyingine. Akasema polepole, "Sasa huyo ndiye wewe kabisa." Nilikasirika, kwa sababu ilikuwa kweli na sikuwa nimeiona.

Wiki zile sikuwa mtu wa kukaa naye. Niliwatazama mbuzi wa mjomba nikawa nauliza kwa nini macho yako pembeni. Niliacha chungu kikaungua nikichungulia jongoo anavyopokezana miguu. Jambo kubwa kuliko yote nililipata nikiteremka na ndoo kichwani. Ukungu ulikuwa umekatika ghafla, kipanga akapita juu, kivuli chake kikagusa njia, na vyura wote wa kando wakaruka majini kwa pamoja. Nikasimama nikamwaga maji. Kwenye ukungu kivuli hakuna. Mnyama wangu hajui kivuli! Umfunike na kivuli cha mlima mzima, hatashtuka, kwa sababu tangu ulimwengu wake uumbwe hakuna kivuli kilichowahi kumdhuru mtu. Nilikimbia mpaka kwa Bwana na ndoo tupu. Alinisikiliza, akaweka kalamu chini, akampa Feruzi neno moja. Feruzi akalitafsiri kwa shingo upande: "Anasema yeye hakulifikiria hilo." Nina wajukuu waliosoma, mmoja wa kike anasomea wanyama hasa, na nilipomweleza habari ya kivuli alisema, "Bibi, hiyo ndiyo bayolojia yenyewe." Nikamwambia najua. Sikujua inaitwaje, lakini nilijua.

Sasa lilipoharibika ni hapa. Wanyama walifika saba, na Bwana akamwagiza Feruzi aandike karatasi chini ya kila mmoja. Feruzi akaandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wake wa kujivuna: Mnyama wa Zuhura, wa kwanza. Mnyama wa Zuhura, wa pili. Alimaanisha ile nyota. Kisha akaenda sokoni akajigamba kwamba bwana wake siku hizi ameacha konokono, anaandika wanyama wa Zuhura. Morogoro ile ni nani aliyejua habari ya nyota? Zuhura alikuwa mmoja, mpwa wa jumbe, yule asiyetulia. Habari ikapanda milimani mbele yangu. Mwanamke muuza kunde alivuta kikapu chake nilipopita. Mjomba aliniita uwanjani.

"Watu wanasema una wanyama?"

"Wa udongo, mjomba."

"Wa udongo wanakula nini?"

"Wanakunywa ukungu."

Akanitazama, akatazama juu ambako ukungu ulikuwa umelala kwenye msitu, akasema, "Mwanangu, jibu hilo usimpe mtu mwingine."

Mwezi ule ule Bwana alipata barua. Tulimsikia nyuma ya ukuta akiongea na Feruzi kwa sauti ya chini, halafu anatembea, ukuta hadi ukuta. Feruzi alikuja jikoni akakaa bila kutusimanga. "Wanamwita kwao," alisema. "Wanasema konokono wametosha. Gari moshi la mwezi ujao anaondoka, na mimi kazi basi." Mwanaidi alisema alhamdulillahi, mikono yake itapumzika. Mimi nilitoka nje. Bwana akiondoka, nani ataniuliza kwa nini? Mposaji wangu alikuwa mtu mwema mwenye migomba mingi, na katika maisha yake yote pamoja nami, Mungu amrehemu, aliniuliza tu chakula kiko wapi.

Kabla mwezi haujaisha akaja mgeni wa Bwana kutoka pwani, Mzungu mnene mwenye bunduki tatu, mwindaji. Nilikuwa naleta chai alipoingia chumba cha mbele na kuwaona wale saba mezani. Alimnyanyua Mnywaukungu akamgeuzageuza. Kiswahili alikuwa nacho kidogo, cha kuamrisha, lakini kusoma alijua. Akasoma ile karatasi kwa sauti, "Mnyama wa Zuhura," akauliza, "Zuhura nani?" Feruzi, kwa mazoea, akaninyooshea kidole. Mgeni akanitazama, akatazama mlangoni, juu upande wa mlima Lupanga, akauliza kitu kwa Kijerumani, na katika lile swali nikalisikia jina la mlima. Bwana Konokono akafungua mdomo. Nilimwona. Neno lilikuwa tayari limefika. Halafu akavuta pumzi, ile pumzi niliyoijua tangu chumba cha mwali, akafunga mdomo, na akatikisa kichwa kukubali.

Basi mambo yakakimbia. Mgeni alitaka kupanda msituni siku kumi, na alitaka watu thelathini wa kubeba na kufukuza wanyama. Amri ikamfikia mjomba. Thelathini! Wanaume waliobaki kwetu hawakuzidi hapo sana, na jua lilikuwa limewaka siku mfululizo kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Wiki ile ndiyo ilikuwa wiki ya kupanda. Wasipopanda wiki ile, mvua ingerudi na mwaka mwingine ungekuwa wa magimbi. Na mnyama asipopatikana, wa kulazwa chini na kuchapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, angekuwa jumbe aliyewaongoza, mjomba wangu na mguu wake wa kuburuta. Mgeni alitaka kitu kimoja tu kabla ya kuondoka: asubuhi anisikie mwenyewe nikisema ni wapi nilipomwona.

Alasiri ile Bwana Konokono alikuja jikoni, akachuchumaa karibu na mafiga kama siku ya gimbi. Feruzi hakuwepo, akajikokota na Kiswahili chake. "Zuhura. Wewe sema umeona. Kwetu sikia mnyama mpya, mimi baki hapa. Mwaka moja, labda miwili. Sisi fanya wanyama wengine."

Nilikuwa nikitaka jambo hilo kuliko chochote, na sidhani kama yeye alijua ni kiasi gani. Nikamuuliza, "Kwa nini niseme?"

Akachorachora majivu kwa kidole. "Msitu kubwa," alisema. "Labda yupo."

"Bwana, Lupanga kuna jua," nilimwambia. "Miezi mingine ukungu, lakini jua lipo. Kuna kipanga. Mnyama wangu hajui kivuli. Angeliwa siku ya kwanza. Wewe mwenyewe uliandika."

Alikaa pale mpaka maji yakachemka. Halafu akasema tena, taratibu, kama anayeomba maji, "Sema tu, Zuhura." Mwanaidi, aliyekuwa anamenya magimbi nyuma yangu, alisubiri atoke, akaninong'oneza kwamba nitaje bonde lolote, mgeni achoke arudi zake. Nikamwambia mume wa dada yake ni mmoja wa thelathini. Akaendelea kumenya.

Ya baadaye nayasema hapa hapa, maana nikifika mwisho sitaki kuongeza. Bwana Konokono aliondoka na gari moshi la mwezi uliofuata, kama barua ilivyotaka, na hakuniaga. Wanyama wangu aliwafunga kwenye majani makavu na masanduku ya konokono, sijui waliishia wapi, labda walivunjika kabla ya pwani. Feruzi hakunisemesha mpaka siku ya harusi yangu, na siku hiyo alikuja kupika, akapika vizuri. Mgeni hakupanda Lupanga, na mahindi yalipandwa. Mwaka uliofuata tulikula ugali, na watu walipokuwa wakila ule ugali walisema Zuhura alimficha mnyama wake asiwindwe, kwa sababu hilo ndilo walilopenda kuliamini. Mjomba mwenyewe aliamini hivyo mpaka kufa kwake. Nyota ile ilipotea upande wa Mindu, kisha ikaja kuonekana alfajiri upande wa pili, na sikuwa na wa kunieleza kwa nini.

Asubuhi ile chumba cha mbele kilikuwa na joto mapema. Mgeni alikaa kwenye kiti cha Bwana, buti zake zimesogezwa mezani karibu na wale saba. Bwana Konokono alisimama dirishani. Nje, uwanjani, mjomba na wanaume walikuwa wamechuchumaa na majembe yao mapajani, maana walikuwa wameitwa kutoka shambani. Feruzi alivaa kanzu yake nyeupe. Mgeni akauliza, Feruzi akanigeukia. "Sema umemwona wapi, mwanangu," alisema, na hilo la mwanangu hakuwahi kuniita kabla ya hapo. "Taja mahali tu, tumalize."

Nikasema, "Sisemi nimemwona, maana sikumwona. Nimemtunga kwa kichwa hiki. Mlimani hayupo."

Feruzi akatazama chini kidogo. Akavuta pumzi. Kisha akamgeukia mgeni akaanza Kijerumani, kirefu, kirefu kuliko nilivyosema, na katikati yake nikamsikia akitaja Lupanga, neno ambalo mimi sikulitamka. Mgeni akatabasamu, akaanza kuondoa buti zake mezani. Bwana Konokono hakugeuka kutoka dirishani. Nje mtu mmoja alikohoa, ndicho kikohozi cha mwaka ule. Nikaisogelea meza, nikamchukua Mnywaukungu kutoka kwenye karatasi yake, nikamshika mbele ya uso wa mgeni ili anitazame mimi na si Feruzi, nikasema polepole, neno moja moja, kwa Kiswahili ambacho hata mtu wa kuamrisha angekisikia:

"Sisemi nimemwona, maana sikumwona. Nimemtunga kwa kichwa hiki. Mlimani hayupo."